Kura ya Mama Pasi kwa Mradi wa Jua

Katika chumba cha kufulia cha hospitali, ukiuliza Mama Pasi yuko wapi, watu watakuonyesha kwa kidevu kona ya mashine ya kunyooshea mashuka. Hapo ndipo alipowekwa tangu alipokuwa msichana mwembamba, na sasa ana wajukuu. Hakuna aliyewahi kumdhania kuwa mtu wa vikao. Lakini wafanyakazi walipotakiwa kuchagua wa kuwasemea kwenye bodi ya mfuko wao wa pensheni, waliotaka kuchaguliwa walikuwa hawaaminiki, na walioaminika walikuwa hawataki. Wakamsukuma yeye.

"Wewe huna maneno mengi," walimwambia, "na wizi hujui."

"Nitajifunza," alijibu, wakacheka mpaka msimamizi akachungulia.

Nyumbani aliishi na dada yake mkubwa, aliyestaafu katika chumba kilekile cha kufulia na ambaye sasa alikula, alivaa na kununua dawa za presha kwa pensheni ya mfuko huo. Tangu siku ya uchaguzi dada mtu alimpachika cheo. "Mheshimiwa, sufuria inaungua." "Mheshimiwa, umeacha taa." Mama Pasi aliitikia tu, kwa kuwa nyuma ya utani ule alijua kuna donda. Miaka ya nyuma mfuko ulijenga ghorofa la ofisi katikati ya mji, likakosa wapangaji. Tangu hapo pensheni haikuongezwa hata kidogo. Dada akifika mtaa ule huvuka barabara ili asilitazame, kama mtu anayemkwepa aliyemtapeli.

Basi siku moja akaja mhandisi mbele ya bodi, kijasho kinamtoka, akaonyesha picha za uwanda mkavu. Alitaka kuutandazia sahani za kunasa umeme wa jua, pamoja na betri kubwa za kuuhifadhi, ili injini za dizeli zinazolisha mji zizimwe. Aliomba mfuko uweke fedha zake humo. Mama Pasi alilipenda jambo lile pale pale. Nyuma ya chumba cha kufulia kuna jenereta, na siku inaponguruma masizi hutua kwenye mashuka yaliyoanikwa, yakarudishwa kufuliwa upya. Alifikiri sasa watu wataongelea moshi.

Moshi uliongelewa wakati chai ikimiminwa. Vikombe vilipokaa sawa, mazungumzo yakahamia kwingine. Umeme huo atanunua nani, na kwa miaka mingapi? Shirika la umeme likichelewa kulipa, nani atalisimamia deni? Shilingi ikishuka je? Nani amewahi kujenga kitu kama hiki kikasimama? Na tukitaka kutoka, tunatokea mlango gani? Mama Pasi alisikiliza, akaona jua lenyewe halina anayelitilia shaka. Watu walikuwa na shaka na watu.

"Unajua, mama," mshauri wa mfuko alimwegemea akamnong'oneza. Alikuwa binti mpole, umri wa mwanawe wa mwisho. "Fedha hizi ni za uzeeni. Tunataka kitu kinachorudisha polepole, bila kukosa, miaka na miaka. Umeme wa jua una tabia hiyo ukishawaka. Shida ni kabla haujawaka."

Mwenyekiti, mhasibu mstaafu mwenye sauti ya chini, alivua miwani. "Mhandisi, nani mwingine ameingia?"

"Mfuko wa walimu wako tayari, mzee."

"Wako tayari au wameingia?"

"Wanawasubiri ninyi muingie."

"Na sisi tunawasubiri wao."

"Najua, mzee," mhandisi alisema akijipangusa uso. "Nimetoka kwao asubuhi."

Hakuna aliyecheka. Baada ya balaa la ghorofa bodi ilijiwekea utaratibu: mradi wowote mpya, wao wasiwe wa kwanza. Walimu nao walikuwa na la kwao la kujutia, wakajiwekea utaratibu uleule. Kila mfuko mhandisi aliouendea ulimkaribisha vizuri, ukamsifia picha zake, ukamuuliza nani ametangulia. Pale mezani jambo hilo lilionekana la busara kabisa. Kura ikaahirishwa hadi wiki iliyofuata.

Habari zilifika chumba cha kufulia kabla Mama Pasi hajavaa aproni, na nyumbani kabla hajavua viatu.

"Kwa hiyo mheshimiwa," dada yake alianza, akichambua mchele mlangoni, "pensheni yangu mnaipeleka ikaanikwe juani?"

"Bado hatujaamua, dada."

"Wewe utasema hapana."

"Sijajua nitasema nini."

"Hujui nini? Hata lile ghorofa lilikuwa na picha nzuri."

"Mradi huu una mnunuzi kabla haujajengwa, shirika la umeme. Na hazina ya serikali ikitoa dhamana, shirika likishindwa kulipa hazina italipa. Ghorofa halikuwa na hata mmoja wa kusema mimi nitapanga."

"Umeanza kuongea kama wao."

Mama Pasi alichota mchele kiganjani, akaupuliza vumbi. "Dada, zamani pensheni yako ilikufikisha mwisho wa mwezi. Siku hizi inakufikisha wapi? Na mfuko haujaigusa. Imekaa tu, bei ndizo zinaila."

Dada mtu aliusogeza ungo karibu. Alichomoa kijiwe kwenye ungo, akakitupa mbali kuliko ilivyohitajika.

Siku ya kura Mama Pasi aliamka alfajiri akasali. Hakumwomba Mungu amwambie apige wapi. Aliomba asiogope nyuso za watu. Kisha akachemsha maji ya kuoga kama siku nyingine.

Wajumbe walikuwa watano. Njia ya kati alikuwa ameipendekeza mshauri: waweke kando utaratibu wao, waingie sasa kwa fungu dogo, na fedha isitoke mpaka dhamana ya hazina iwe mkononi. La sivyo wangoje mpaka mitambo iwake, wanunue hisa wakati huo kwa bei ya juu, kama mitambo itakuwa imepata wa kuijenga. Muuguzi mkuu akainua mkono, tuingie. Afisa wa utawala, tuingie. Mwenyekiti, tungoje. Dereva wa gari la wagonjwa, mwakilishi mwenzake Mama Pasi, tungoje. Akabaki yeye.

"Dhamana isipotoka?" aliuliza.

"Fedha haitoki," alijibu mshauri.

"Ikitoka, halafu ujenzi ukachelewa?"

"Hatupotezi mtaji. Lakini faida itachelewa, na nyongeza wanayoingoja wastaafu huenda ikasubiri."

"Hiyo 'huenda' ni ya kikaoni. Niambie kama uko kwangu jikoni."

Binti alitazama mikono yake. "Itasubiri, mama. Hata ujenzi usipochelewa, mwaka huu haipo."

Mama Pasi aliitikia kwa kichwa. Kisha akainua mkono. "Tuingie."

"Kule chini utawaambia nini?" dereva alimuuliza, bila hasira.

"Hivi ulivyosikia. Sina kingine."

Na ndivyo alivyowaambia, amesimama kando ya mashine yake. Wengine walitikisa kichwa. Mwanamke mmoja wa kusuuza hakumsalimia tena kwa muda mrefu.

Jioni dada yake alikuwa anakunja nguo. Hakumwita mheshimiwa.

"Nyongeza?"

"Mwaka huu haiji."

"Na kura iliyoamua ni ya nani?"

"Yangu, dada."

Dada mtu alikunja gauni, akalikunjua, akalikunja tena. "Ungeniambia ulisema hapana, ningekuamini."

"Na dereva anayekaa nyumba ya nyuma hapo, aliyeniona nikiinua mkono?"

Kicheko kilimtoroka dada puani, akakirudisha haraka. "Basi niombee umri. Nataka niwe hai siku watakapowasha, nijue kama ndugu yangu kanitunza au kaniibia."

"Nakuombea kila siku."

"Ongeza bidii."

Dhamana ilipotoka, walimu walisikia kwamba kuna aliyetangulia, wakaingia. Na mfuko mwingine nyuma yao. Uwandani nguzo zimeanza kusimama. Umeme bado. Dada mtu hupima presha kila mwisho wa mwezi, na dawa, kwa sasa, hununuliwa kwa mshahara wa Mama Pasi. Akikabidhiwa pakiti huitazama tarehe ya kwisha, huiweka kabatini, kisha huuliza zile nguzo zimefika wapi.