Jina Lisilokuwa Kwenye Historia ya Kikosi

Harufu ya mafuta ya cherehani hunirudisha mtaani kwetu Doornfontein, kwenye chumba cha kazi cha mama, mimi sakafuni nikipanga vifungo, vumbi la nyuzi likielea juani. Jirani yetu, mzee Mjerumani aliyejifunza Kiswahili chetu kwenye mashamba ya mkonge Tanga, alileta kitabu alichokiandika mwenyewe ili mama akishonee jalada la kitambaa. Kilikuwa historia ya kikosi chake katika Vita vya Pili vya Dunia, kikosi cha kutungulia ndege.

Mama alifunua orodha ya askari. "Mzee, mbona jina lako silioni?"

"Sistahili, mama. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Ndege zilipokuja nilikimbia, nikamwacha mwenzangu peke yake kwenye mzinga. Akafa."

Baba, aliyekuwa amerudi kutoka uhamishoni, kwenye kambi za wapiganaji dhidi ya ubaguzi wa rangi, na ambaye hakuwahi kutusimulia ya huko, aliweka kikombe chini.

"Na mimi nilizikimbia ndege," alisema taratibu. "Kambi yetu ilipopigwa mabomu. Wenzangu walibaki."

Mama akamsogezea mzee kalamu. Mzee akaandika jina lake chini ya la mwenzake aliyekufa, na mama akasubiri wino ukauke ndipo akaanza kushona.