Kofia ya Mheshimiwa wa Legiko

Tuliisikia boda boda kabla hatujaiona. Ilikoroma ikipanda kilima cha Mbooni, ikanyamaza, ikakoroma tena. Susu, nyanya yangu, akaacha kuchambua maharagwe.

"Huyo si wa hapa," akasema. "Wa hapa hushuka kwenye kona akatembea."

Akatokea mwanamke mwenye mvi na viatu vyeupe vya kanisani. Alisema babake alikuwa Mheshimiwa wetu, mmoja wa Waafrika wachache walioketi katika Baraza la Kutunga Sheria wakati wa Wazungu. Wazee wa huku bado huliita Legiko.

"Mwaitu," alimwita Susu, kama mtu anavyomwita mamake, "nimekuja kuomba kofia ya baba. Alitusimulia kwamba mlimnyang'anya shambani, hakumaliza kuchimba. Nyumba yetu iliungua nikiwa msichana. Sina hata kifungo cha shati lake."

Kofia hiyo niliikuta duniani. Nyeusi, ilining'inia kwenye msumari jikoni, na ndani yake Susu aliweka mbegu za maharagwe. Alishikilia kwamba wadudu wanaotoboa mbegu huogopa serikali.

Hadithi yake niliijua pia. Susu, bi harusi mpya, alikuwa akichimba matuta na wanawake wa mwethya, kikundi chao cha kusaidiana shambani. Mheshimiwa akapita akienda kuhutubia mkutano. Na watu wa mwethya hawapitwi hivi hivi: anayepita huchimba kipande chake, la sivyo hunyang'anywa kitu mpaka arudi kukimaliza. Mheshimiwa alichimba kidogo, akaangalia saa, akamwachia Susu kofia, akaahidi kurudi. Hakurudi.

"Nimemngoja mpaka meno yakachoka, yakaenda," Susu akasema. "Na wewe nitajuaje ni wake? Alikuja mwingine hapa na tai shingoni, akasema ni mpwa."

"Alichimba?"

"Alisema ana mgongo."

Mwanamke akavua viatu. "Jembe liko wapi?"

Tukateremka shambani na jembe na koleo. Majirani waliokuwa wakipalilia wakaja kutazama. Yule mama alichimba kwa hasira nzuri, jasho likimtiririka, na kila alipojaza koleo aliumwaga udongo upande wa bondeni.

Susu akapiga makofi. Akacheka hadi akanishika bega asianguke.

"Chini! Anatupa chini! Hata babake alitupa chini!"

Shamba zima likalipuka kwa kicheko. Huku kwetu udongo hutupwa upande wa juu wa mtaro, uwe ukingo, maji ya mvua yatulie. Hata mtoto wa mgongoni anajua. Mheshimiwa alikuwa ameutetea udongo wetu mbele ya Wazungu kwa maneno mazito, kisha akaja akautupa mtoni.

Yule mama aliegemea koleo lake, akauangalia udongo aliotupa. Halafu naye akaangua kicheko. "Mwaitu, nyumbani alitufundisha hivi hivi! Na ukibisha, unachapwa!"

"Huyu ni damu yake," Susu akatangaza. "Haya, mwanangu, tupa juu. Mmalizie baba kipande chake."

Majirani wakaanza wimbo wa kuchimba, naye akaufuata kwa kuchelewa kidogo, akitupa juu, juu, mpaka kipande kikaisha na ukingo ukasimama.

Jikoni, Susu alimimina mbegu kwenye sufuria, akaikung'uta kofia gotini, akampa kwa mikono miwili. Yule mama akaingiza uso ndani, akakaa humo kitambo.

"Inanukia moshi na maharagwe," akasema alipotoka, macho yamelowa.

"Ulitaka inukie nini? Nairobi?"

Akaivaa. Ilimshuka hadi kwenye nyusi, ikampendeza ajabu. Boda boda ilikuwa imeanza kunguruma nje. Akachukua viatu vyake mkononi, miguu bado ina udongo, akageuka mlangoni.

"Na mbegu zako, mwaitu?"

"Nitazitafutia serikali nyingine. Nenda!"

Mgeni alipovuka kizingiti, Susu akaufunga mlango haraka, kabla yeye mwenyewe hajabadili nia.