Vyumba Visivyoguswa Wiki Nzima

Lusekelo alikuwa mtu wa kufuta. Alifuta meza kabla ya kuketi, alifuta ubao kabla mwalimu hajaomba, na ujumbe wa zamani kwenye simu yake haukuwahi kuzeeka. Kwao Tukuyu alikulia katika nyumba finyu yenye watoto wengi, na aliyekulia kwenye ufinyu hujifunza mapema kwamba kitu kisichotumika kimekalia nafasi ya mtu. Tabia hiyo haikumletea aibu mpaka alipohamia Kigali, na Aprili ikamkuta huko kwa mara ya kwanza.

Alikuwa ameajiriwa na kituo kidogo cha mafunzo huko Gikondo, nyuma ya magereji na maghala, ambako watunza takwimu wa vituo vya afya walisoma jioni baada ya kazi. Walikuja na kompyuta za kila namna: hii imepungukiwa na vitufe, ile inazimika ukiisogeza. Mkuu wa kituo, Gerald, Mnyarwanda aliyelelewa Uganda, ndiye aliyekuwa pia mwalimu wao, na nusu ya kila somo iliishia kwenye kusakinisha programu. Kwa huyu imekubali, kwa yule imegoma.

"Banange, jamani, tutafundisha lini?" Gerald alilalamika.

Ndipo Lusekelo akajenga seva moja ya darasa zima. Aliiweka ndani ya kabati la chuma pembeni mwa chumba, akaifungia feni, na ndani yake akapanga makontena, ambayo wanafunzi aliwaeleza kuwa ni vyumba. Mtu anafungua kivinjari, anaandika jina lake na neno la siri, na seva inamfungulia chumba chake mwenyewe, chenye programu zote tayari na daftari la kuandikia hesabu, grafu na maelezo mahali pamoja. Akivuruga vya kwake, jirani hasikii. Kompyuta mbovu ikawa sawa na nzima, kwa kuwa kazi yote ilifanyika kabatini.

Jioni ya kwanza darasa zima liliingia kwa mkupuo, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeinua mkono kuomba msaada. Habumugisha, mtunza stoo ya dawa ambaye ulimi wake haukujua kupumzika, akageuka kwenye kiti.

"Mtanzania, umetuhamishia sote kwako! Kodi tunampa nani?"

"Soma kwanza," Lusekelo akajibu. "Kodi utaikuta kwenye mtihani."

Lakini diski ya seva ilikuwa ndogo, na mtu wa kufuta aliliona hilo kabla ya wengine. Akaongeza kanuni ya kwake: chumba ambacho mwenyewe hajakigusa wiki nzima, seva ikibomoe pamoja na vilivyomo. Kanuni hiyo alitoka nayo katika chuo alichowahi kufanyia kazi Mbeya. Kule haikumwumiza mtu. Darasa lilikutana kila siku, na aliyekaa wiki bila kugusa kazi yake alikuwa ameshaacha masomo. Hakumwambia yeyote. Kwake lilikuwa jambo la usafi tu, kama kumwaga maji yaliyooshewa vyombo.

Aprili ilipoingia, Gerald alitangaza kwamba madarasa yatasimama kwa wiki ya kuwaomboleza waliouawa katika mauaji ya kimbari, ile inayoitwa Icyunamo. Lusekelo aliijua kama anavyoijua mtu aliyeisikia redioni. Hakuwa ameijua kutoka ndani ya mtaa. Muziki ulinyamaza katika baa za jirani. Watu walisalimiana kwa sauti ya chini, na hata mafundi wa gereji walionekana kuweka nyundo zao taratibu. Alasiri majirani walikusanyika chini ya hema la mtaa kusikiliza mazungumzo, naye akaenda, kwa sababu mgeni haketi nyumbani wakati majirani zake wamo msibani.

Aliketi nyuma. Kinyarwanda kilimpita, akidaka neno moja moja. Mbele yake, kwenye benchi, alimwona Mukankusi, mwanafunzi wake, mwanamke wa makamo anayetunza kumbukumbu katika kituo cha afya cha mlimani. Mzee mmoja aliposimama na kuanza kutaja majina, Mukankusi alimwekea mkono begani mwanamke wa kando yake, akauacha hapo mpaka majina yakaisha. Watu walipotawanyika alimkuta Lusekelo njiani.

"Umekuja," alisema.

"Nimekuja, mama. Poleni sana."

"Ni vizuri umekuja."

Lusekelo hakufungua kompyuta wiki ile yote, na aliona kwamba hiyo ndiyo heshima.

Darasa liliporudi, kila mtu aliketi mahali pake, akaandika jina lake, akafunguliwa chumba. Vyumba vilikuwa safi kama siku ya kwanza. Hakuna daftari, hakuna grafu, hakuna kitu.

"Lusekelo," Mukankusi aliita kwa upole, "kazi yangu iko wapi?"

Lusekelo alidhani mama amekosea kuandika jina. Akainama juu ya bega lake, akaandika mwenyewe, na kabla hajamaliza akasikia mwingine akiita, kisha mwingine. Alikwenda kwenye kabati, akafungua kumbukumbu za seva, akasoma. Mashine ilikuwa imefanya alichoiagiza. Wakati yeye ameketi chini ya hema, ilikuwa imepita chumba hata chumba ikikuta hakijaguswa, na ikabomoa.

Nakala zilikuwepo, lakini za mitambo yake tu: jinsi ya kuwasha, jinsi ya kupanga, jinsi ya kujenga upya. Seva nzima angeweza kuiinua kabla chai haijapoa. Kazi za watu hazikuwa na nakala popote.

Gerald alimvuta ukumbini.

"Wafadhili wanakuja Ijumaa ijayo kuwasikiliza wanafunzi. Ndio waliolipia mashine hii, ndio watakaoamua kama tunaendelea, na wewe kama unaendelea. Unanielewa?"

"Ninakuelewa."

"Basi ni umeme. Umeme ulikatika, si kweli? Wiki ile ulikatika."

"Ulikatika kidogo tu, bosi. Seva haikuzimika."

"Nani atauliza ulikatika kiasi gani?" Gerald alijifuta paji la uso. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na darasa lenye watu waliolitegemea. "Wanafunzi waambie utakavyo. Wageni uniachie mimi."

Lusekelo akarudi ndani, akasimama mbele ya ubao, akawaambia. Hakutaja umeme. Alisema aliweka kanuni, hakumwuliza mtu, na hakufikiria kwamba katika nchi hii kuna wiki ambayo watu huweka kazi chini kwa pamoja.

Habumugisha akatikisa kichwa.

"Hata mwenye nyumba wangu, na roho yake ile mnaijua, hunipa notisi kabla ya kutupa godoro nje!"

Wachache walicheka, kicheko cha watu wanaotafuta pa kushika. Wengi kazi zao zilikuwa mazoezi ya kurudia, na wakaanza upya wakinung'unika. Mukankusi hakucheka wala hakuanza. Alikuwa ameleta uzito wa watoto wanaopimwa kila mwezi kituoni kwake, bila majina, na katika daftari lake kila mwezi ambao mtoto hakuletwa aliandika sababu, baada ya kumpigia mama yake simu au kumfuata nyumbani. Sababu hizo ndizo zilizokuwa kazi yenyewe. Kwa kazi hiyo angepimwa Ijumaa, na akifaulu angepewa kusimamia kumbukumbu za vituo vyote vya mlima ule.

"Namba iko kituoni, nitaandika tena," alimwambia Lusekelo wengine walipoondoka. "Maneno ya wale mama haiko mahali. Niliandika humu tu, kwa sababu ulisema chumba ni changu."

"Nisamehe, mama."

"Mimi sikuacha chumba, Lusekelo. Nilikuwa kwa kilio. Si uliniona?"

Jioni ile ile Lusekelo alifuta kanuni yake, na mahali pake akaandika nyingine: chumba kisiondolewe mpaka mwenyewe aulizwe na ajibu. Akanunua diski ya nakala bila kungoja idhini. Alijua kwamba yote hayo ni kufunga zizi wakati ng'ombe ameshatoka.

Kwa hiyo kila alasiri iliyobaki alimfuata Mukankusi mlimani, kwenye njia za udongo kati ya nyumba, kuwauliza wale mama upya. Yeye alibeba kompyuta; Mukankusi aliuliza. Mmoja alimcheka.

"Si nilikuambia, Mukankusi? Umesahau? Unazeeka!"

"Sijasahau. Nataka kuandika maneno yako, si yangu."

Mwingine alieleza vingine kabisa, kwa kuwa aibu ya mwezi ule ilikuwa imepita na sasa angeweza kuipamba. Wengine walikuwa wamehama. Simu ziliita bila kupokelewa. Mmoja alifungua mlango, akawatazama, akasema hawezi kulieleza jambo lile mara ya pili. Mukankusi alimpa mkono, wakashuka. Lusekelo alitembea nyuma yake akiona haya ya kutazama mgongo wake.

Ijumaa wageni walikuja. Habumugisha aliwasilisha hesabu za dawa zake, akawachekesha, akapita. Mukankusi aliposimama, grafu zake zikamulikwa ukutani, na kando yake jedwali la sababu. Baadhi ya mistari ilikuwa mitupu.

Mgeni mmoja, mwanamke aliyevaa miwani, akanyoosha kalamu. "Hapa pako tupu. Na hapa. Hukuwauliza hawa?"

"Niliuliza."

"Majibu yako wapi?"

"Yalikuwepo," alisema Mukankusi. Hakumtazama mtu.

Mgeni akaanza kuandika. Gerald akakohoa. "Tulikuwa na tatizo dogo la umeme, kama mnavyojua..."

Lusekelo alisikia kiti chake kikisukumwa nyuma, akagundua kwamba ameshasimama.

"Si umeme," alisema. "Aliwauliza wote na aliandika yote. Mimi niliiagiza seva ifute vyumba visivyoguswa wiki nzima, na wiki ile ilikuwa ya maombolezo. Niliyafuta mimi."

"Nani alikupa ruhusa?"

"Hakuna aliyenipa."

Gerald aliinamisha macho mezani. Mgeni aliandika kwa muda mrefu, na hakuna aliyejua anaandika habari za nani. Kisha akamgeukia Mukankusi.

"Ungeweza kujaza kwa kukisia. Baada ya miaka yako yote kituoni ungekisia vizuri."

"Wale mama wako hai," alijibu. "Siku moja mmoja akisoma, akute nimemsemea nini?"

Mgeni alivua miwani, akaivaa tena.

"Endelea," alisema.

Mukankusi akageukia ukuta, akaweka kidole kwenye mstari uliofuata, akaanza kueleza habari za mtoto mwingine, kwa sauti ile ile ya upole. Lusekelo alibaki amesimama, kwa kuwa hakuna aliyemwambia akae.