Waliniita Mwenye Ukimwi, Kumbe Ni Tezi ya Shingo

Akina mama, mtanivumilia sauti yangu ikikwaruza. Nilipasuliwa hapa shingoni, na sauti niliyozaliwa nayo haikurudi yote. Naitwa Rispa. Kwetu ni Bumula, nikaolewa Kitale, na sasa naishi hapa Misikhu na cherehani yangu. Mwenyekiti wenu aliniomba nije niwatie moyo. Nitajaribu. Lakini mengi ya yaliyonipata ni machungu, na sitayatia sukari ndiyo mmeze vizuri.

Miaka ya themanini ikielekea kuisha, nilikuwa mwanamke wa nguvu. Nilikuwa nashona sare za shule kwenye baraza ya duka moja Kitale mjini. Mwezi wa kwanza, shule zikikaribia kufunguliwa, wazazi walipanga foleni mbele yangu, nami sikukosa kumaliza kazi ya mtu hata mara moja. Jioni narudi nyumbani, nachota maji, nasonga ugali wa watu saba, maana tuliishi boma moja na mama mkwe na shemeji zangu. Mume wangu, Baba Sifuna, alikuwa dereva wa trekta. Alipenda kuwaambia wenzake, "Huyu nilioa Bumula, huko wanawake hawachoki." Sifuna alikuwa na miaka mitano nilipojifungua wa pili, msichana. Tukamwita Nasimiyu.

Nasimiyu alipofika miezi minne, moyo wangu ulianza kwenda mbio. Si mbio ya kupanda kilima. Nimekaa tu nanyonyesha, na unagonga mpaka blauzi inatingishika. Nilitoa jasho kama mtu anayelima, na mnajua baridi ya Kitale mwezi wa saba. Wenzangu wamejifunika masweta, mimi natafuta kivuli. Nilikula kuliko zamani, sahani ya kwanza, ya pili, na bado sketi ilinishuka kiunoni mpaka nikaifunga kwa kamba. Choo nilienda mara tano, mara sita kwa siku. Hedhi ilirudi mara moja ikapotea tena. Nywele zilitoka na kitana.

Kilichonitisha zaidi ni mikono. Ilitetemeka. Nilikuwa naramba ncha ya uzi, naupeleka kwenye tundu la sindano, unapita pembeni. Naramba tena, unapita pembeni. Mteja mmoja alinitazama, akachukua kitambaa chake mezani, akasema, "Mama Sifuna, siku hizi unakunywa?" Sijawahi kuonja pombe maishani mwangu.

Na hasira. Hili silisemi kwa urahisi. Siku moja Sifuna alimwaga uji. Nilichukua mwiko nikampiga, nikampiga, mpaka mama mkwe akanishika mkono. Mtoto alikuwa ameacha kulia. Alikuwa ananiangalia tu. Baadaye daktari aliniambia ugonjwa wenyewe huleta hasira ya namna hiyo. Sawa. Lakini mkono ulikuwa wangu.

Nilienda zahanati. Wakanidunga sindano ya malaria. Nikarudi, wakanidunga nyingine. Mara ya nne mhudumu hakunigusa hata paji la uso. Aliniangalia nilivyokonda, akaangalia macho yangu, ambayo yalikuwa yameanza kutokeza nje kama ya mtu aliyeshtuliwa, akasema, "Wewe kuja na bwana yako." Tulipokwenda wawili, mimi niliachwa kwenye benchi, bwana akaitwa ndani. Alipotoka hakunitazama. Tulitembea mpaka nyumbani yeye mbele, mimi nyuma.

Hakuna damu iliyotolewa. Hakuna kipimo. Mtu alitazama mwili uliokonda akaupa jina, na jina hilo wakati ule lilikuwa moja tu.

Kutoka siku hiyo sahani yangu iliwekwa peke yake, na kikombe changu kikatiwa alama ya rangi nyekundu ya kucha. Shemeji waliacha kuketi kwenye kiti nilichokalia. Mama mkwe alikuja asubuhi moja nikiwa nanyonyesha, akamchukua Nasimiyu kutoka kwenye titi, maziwa bado yanamtoka mdomoni.

"Mama, hajashiba," nikamwambia.

"Atashiba uji. Wewe utamwua."

Nilisikia mtoto akilia upande wa pili wa ukuta siku mbili nzima. Siku ya tatu akazoea. Maziwa yangu ndiyo hayakuzoea. Matiti yalijaa yakawa kama mawe, nikawa nayakamua nje kwenye majani.

Wiki hiyo hiyo Baba Sifuna alinirudisha Bumula na begi moja. Cherehani aliibakisha. Baba yangu alishakufa, kwa hiyo aliongea na mama, amesimama, hakukubali hata kiti.

"Mama, nimewaletea mtoto wenu. Heri afie kwao."

Mama akamwuliza, "Amekosa nini?"

"Muulize mwenyewe maradhi hayo ameyatoa wapi." Akaondoka.

Sasa niwaambie juu ya mama yangu. Mama alikuwa na uvimbe shingoni tangu nikiwa mdogo, mkubwa kama embe. Hata dada yake alikuwa nao, na nyanya yetu pia. Kwetu tuliona ni shingo ya ukoo tu, kama vile ukoo mwingine una miguu mirefu. Hakuna aliyeuliza. Mama alipika kwa chumvi ya majivu, munyu wa kienyeji, kwa sababu aliupenda na kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Nilikulia huo.

Watu wa maombi walikuja. Waliona macho yangu wakasema ni pepo. Nikafungishwa siku tatu bila chakula, mtu ambaye mwili wake tayari ulikuwa unajila wenyewe. Siku ya tatu nilianguka. Mama alisema moyo wangu ulikuwa unaruka ovyo, unapiga, unasimama, unapiga. Aliwafukuza wale watu wa maombi, yeye aliyekuwa mama wa kanisa miaka yote. Nilimsikia akisema, "Mungu hajaniambia nimwangalie mtoto akifa." Akaomba baiskeli ya jirani, wakanikalisha nyuma, jirani anasukuma, mama ananishika kiuno, mpaka barabarani tulipopata gari la kutupeleka hospitali ya misheni upande wa Lugulu.

Daktari alikuwa mwanamke, si mwenye maneno mengi. Hakuanza na macho yangu wala nguo zangu. Alisimama nyuma yangu, akaweka vidole hapa chini ya koo, akanipa glasi ya maji. "Meza." Nikameza. "Meza tena." Kisha akaweka kile chombo cha kusikilizia moyo, si kifuani, shingoni. Akasikiliza muda mrefu. Akaniambia ninyooshe mikono, akaweka karatasi juu ya vidole. Karatasi ilicheza kama jani.

"Nani alikuambia una ukimwi?"

"Zahanati."

"Walikupima damu?"

"Hapana."

Alifungua droo akatoa sindano. Halafu akasema, "Mimi nitakupima. Lakini nafikiri ni tezi."

Damu ya ukimwi haikuonyesha kitu. Damu ya tezi ilipelekwa Nairobi, majibu yakachukua wiki nyingi, lakini yeye hakungoja. Alinipa dawa ya kutuliza moyo na dawa ya kuzuia tezi. Ndipo akatuketisha, mimi na mama, akatueleza. Nitawaambia alivyosema, kwa sababu hata leo sijasikia mtu mwingine akiwaeleza wanawake hivi.

Alisema hapa mbele ya koo kila mtu ana tezi ndogo, umbo lake kama kipepeo. Ndiyo inayouambia mwili uende haraka au polepole: moyo, tumbo, joto, hedhi, hata mawazo. Ikitoa dawa yake nyingi kupita kiasi, mwili unakimbia mpaka uishe, kama mimi. Ikitoa kidogo, mwili unalala: unanenepa bila kula sana, unahisi baridi, choo kinakuwa kigumu, ngozi inakauka, unasahau, hedhi inakuwa nzito, na mimba inaweza kukataa.

Mama aliuliza, "Ni munyu wangu ndio ulimharibu?"

Daktari akasema, "Mama, shingo yako wewe, hiyo naweza kusema ni chumvi. Udongo wa milimani unaoshwa na mvua, aidini, madini ambayo tezi inayahitaji, inaisha, na munyu wa majivu hauna. Tezi ikikosa aidini inavimba ikitafuta. Lakini ya huyu msichana wako ni nyingine. Mwili wake umegeuka unapigana na tezi yake mwenyewe. Hiyo hutembea kwa ukoo, hushika wanawake kuliko wanaume, na mara nyingi huamka baada ya kuzaa. Hajafanya kosa lolote."

Hajafanya kosa lolote. Nililia mpaka nesi akaja kuangalia.

Dawa nilizimeza zaidi ya mwaka. Daktari alinionya nisishike mimba wakati huo bila kumwambia, na nikipata homa na koo kuuma niache ile dawa ya tezi, nije siku hiyo hiyo. Nilirudi kuwa na mwili. Mikono ilitulia. Nilipoachishwa dawa, ugonjwa ukarudi, ndipo nikapelekwa Eldoret wakanipasua. Waliondoa sehemu kubwa ya tezi. Sasa iliyobaki haitoshi, kwa hiyo nameza kidonge kila asubuhi kabla ya chai, na nitakimeza mpaka nife. Macho yalirudi kidogo. Si yote. Mnayaona.

Nilipopata nguvu nilienda Kitale na barua ya hospitali. Nilikuwa nimeipiga pasi kwa mkono ndani ya Biblia. Mlango ulifunguliwa na mwanamke mwingine, na Nasimiyu alikuwa amemshika sketi. Mtoto aliangalia macho yangu, akapiga nduru, akajificha.

Baba Sifuna alisoma barua mara mbili. Akaikunja.

"Si ungesema mapema?"

"Niseme nini? Ni wewe uliitwa ndani."

Akanirudishia barua. Mama mkwe ndiye aliyesema, na nampa sifa moja, hakuficha: "Hata kama si ukimwi, watu washajua ni ukimwi. Tutawaambia nini sasa?"

Sifuna alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba. Nilimwita. Alikuja hatua tatu tu. "Bado unapiga?" akaniuliza.

Nilipiga magoti kwenye vumbi nikamwomba msamaha, mama kwa mtoto, mbele ya watu wote waliokuwa hapo. Ugonjwa haukunifundisha kitu kizuri zaidi ya hicho. Alinipa mkono. Nilidai cherehani yangu, nikapewa, na watoto nikakatazwa. Wazee walikaa kikao mara mbili. Walisema mtoto ni wa baba.

Miaka michache baadaye dada yangu mdogo alizaa, na mtoto alipofika miezi mitatu akaanza kutetemeka. Sikungoja. Nilimshika mkono siku hiyo hiyo mpaka kwa daktari yule yule. Yake ilikuwa ile inayochomoza baada ya kuzaa na kutulia yenyewe, mradi ifuatiliwe. Alipona akiwa kwa mume wake, mtoto yuko mgongoni, hakuna aliyemtengea sahani. Nilifurahi. Na niseme ukweli, nilirudi nyumbani nikafunga mlango nikaona wivu mpaka meno yakauma.

Basi nipeni masikio kidogo. Tumieni chumvi ya paketi iliyoandikwa imetiwa aidini. Ifunikeni, msiianike juani, itieni chakula kikikaribia kuiva. Msinunue dawa ya aidini sokoni mkafikiri ikizidi ndiyo dawa, tezi nyingine huchafuka zaidi. Mkiona uvimbe shingoni, au moyo unakimbia bure, au mmechoka mchoko usioelezeka, ombeni kupimwa tezi, mkiitaja kwa jina. Kama mama yako au dada yako ana shingo kama ya kwetu, mwambie daktari hata kabla hajauliza. Aliyepewa dawa asiiache kwa sababu amejisikia vizuri. Na mwanamke akikonda, msimpe jina kabla ya damu kutoa jina.

Namshukuru Mungu. Namshukuru daktari yule, na mama yangu, ambaye alikufa na embe lake shingoni, hakukubali kupasuliwa. Wengine huniuliza kama nimewasamehe watu wa Kitale. Huwa nawajibu kwamba ninaamka, ninafanya kazi, na simtakii mtu mabaya. Zaidi ya hapo msinidai.

Siku hizi Nasimiyu huruhusiwa kuja kwangu likizo ya Agosti. Yuko darasa la tatu. Haogopi tena macho yangu. Namfundisha kushona vifungo, na akiinama juu ya kitambaa namwangalia shingo, nahesabu anavyopumua. Mama anayemjua ni yule aliyemlea Kitale, na sitamnyima mtoto mama wa pili baada ya kunyimwa wa kwanza. Mimi huniita Aunti. Nami huitika.