Siku Niliyojifungia Stoo ya Mafaili

Naona aibu hata kuanza, ila bora niwaambie mwenyewe kuliko mje kuyasikia Kilwa Masoko, maana kule wanasimulia kwa kuongeza chumvi (na chumvi yenyewe wala haikuhitajika).

Mimi ni afisa mafao. Tulipangwa watatu kwenye ofisi ya pale Kilwa. Mmoja akahamishiwa Lindi, wa pili akaenda likizo ya uzazi, nikabaki mimi, feni bovu, na mafaili ya wastaafu na wajane wa wilaya nzima. Mtu anatoka Kipatimu alfajiri kwa pikipiki, mifupa yote inamuuma kwa ile barabara, anafika, mtandao haupo, namwambia njoo wiki ijayo. Kutwa nzima nasema na watu, jioni narudi kwenye chumba changu cha kupanga sina hata wa kuniambia pole (kwetu ni Singida, na pale nilikuwa na miezi saba tu).

Siku hiyo mpaka saa saba mchana sijatia kitu mdomoni, foleni imezunguka jengo. Nikafanya kauamuzi kadogo tu: nikaandika karatasi, "Afisa yupo Lindi kikazi", nikaibandika mlangoni watu waliposogea kivulini nyuma ya jengo, nikarudishia mlango, nikajichimbia stoo na vitumbua vyangu. Nikavua viatu, nikatandika khanga sakafuni, nikavuta mafaili mawili matatu nikayafanya mto. Nusu saa tu, nikajisemea.

Nilipoamka nikashika kitasa, kikabaki mkononi. Mlango ule bila kitasa unafunguka kwa nje tu. Stoo haina dirisha, ina tundu la hewa kule juu, na joto kama tanuri. Nikatoa simu. Nimpigie nani? Mama yuko Singida. Bosi yuko Lindi, na ndiye huyo ambaye karatasi inadai niko naye. Nikashuka na majina mpaka la mwisho, sikuona hata mtu mmoja wa Kilwa. Hapo nililia kidogo, sitaki kuwaficha.

Basi nikachukua faili nililokuwa nimelilalia, la Bi Somoe, mjane wa Pande, nikapiga namba iliyoandikwa kwenye fomu. Simu ikalia palepale nje, chini ya tundu la hewa, kumbe foleni haikuondoka, nikamsikia kwa masikio yote mawili, moja kwenye simu, jingine ukutani.

"Haloo! Nani mwenzangu?"

"Shikamoo bibi. Ni mimi, afisa wa mafao."

"Marahaba, mwanangu! Umefika salama Lindi?"

"Nipo ndani, bibi."

"Ndani ya Lindi?"

"Ndani ya stoo. Mlango umegoma. Njoo unifungulie, ila njoo peke yako, tafadhali."

(Kumnong'oneza Bi Somoe ni kazi bure, simu yake alikuwa ameiweka spika.) Foleni nzima ikaangua kicheko.

Mlango akaufungua bila hata kutumia nguvu. Nyuma yake vichwa kama ishirini, na mimi peku, nywele timutimu, mafuta ya vitumbua shavuni. Lakini yeye hakuniangalia mimi, aliangalia chini.

"Hili si faili langu?" Akaliokota, akalipangusa kwa upindo wa khanga yake. "Si ulisema limepelekwa Lindi, tangu mwezi mtukufu?"

Nilisema hivyo kweli. Na kweli nyingine ni kwamba sikuwa nimelifungua hata siku moja. Kicheko kikakatika. Akaniuliza, kwa upole ulioniuma kuliko matusi:

"Sasa mwanangu, mji wote huu, ukanipigia mimi nisiyekujua? Huna mtu?"

"Sina, bibi."

Mbele ya watu wote wale.

Faili lake nikalishughulikia palepale, na ya wengine mpaka magharibi, na hakuna aliyecheka tena, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi, heri wangecheka.

Nimeapa sitamdanganya tena mtu kwamba faili lake liko mbali. Namwambia usoni: sijalifikia, kazi ya watu watatu naifanya mwenyewe, niko peke yangu. Ni maneno machache tu, lakini nikifika pale mwisho najifanya natafuta kalamu.