Somo la Kikohozi Darasa la Tatu

Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu huko Kibosho, miaka ile watu walipoanza kung'oa mibuni na kupanda nyanya. Siku moja nilifundisha kifua kikuu. Sikuwa na kitabu wala picha, kwa hiyo nilikohoa mwenyewe mbele ya watoto, nikawaonyesha jinsi ugonjwa unavyosafiri hewani. Fungueni madirisha, nikawaambia. Zibeni midomo. Mtu anayekohoa msikae naye karibu, na vyombo vyake viwekwe mbali. Hilo la vyombo nililisikia utotoni, nikalisema kana kwamba nalijua.

Wiki mbili baadaye alikuja shuleni mama mmoja mzee, amevaa sweta la mitumba, akihema kwa sababu ya kilima. Alikuwa bibi wa mwanafunzi wangu, msichana mpole aliyefiwa na wazazi. Waliishi wawili tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwalimu, umemfundisha nini mjukuu wangu? Bakuli langu la mtori ananiwekea mlangoni, halafu anakimbia. Kitandani kwangu halali tena. Amehamia jikoni, pamoja na mbuzi."

Nikamwuliza kuhusu kikohozi chake. Alikuwa ameshapimwa hospitali ya Mawenzi. Makohozi hayakuwa na kitu, wakamwambia ni moyo.

"Nimemweleza mtoto," alisema. "Anasema mwalimu ndiye anayejua."

Ningeweza kumwita mtoto pale pale. Niliona aibu kujikosoa huku wenzake wakichungulia dirishani, nikaahidi kwamba Jumamosi nitakuja nyumbani niwaeleze vizuri.

Jumamosi mvua ilinyesha, njia ikawa tope tupu, nami nilikuwa na madaftari ya kusahihisha. Nikaahirisha. Wiki nzima nilimwona msichana yule darasani, ameketi dawati la mbele, na kila siku nikajiambia nitamweleza nikifika kwao.

Jumamosi iliyofuata nilikuta mabenchi yamepangwa migombani. Bibi alikuwa amefariki alfajiri.

Mtoto alikuwa jikoni na akina mama, anamenya ndizi. Nikachuchumaa karibu yake. Nikamwambia ugonjwa wa bibi ulikuwa wa moyo, hauambukizi, na kwamba hata hilo la vyombo nilikosea.

Kisu kikasimama mkononi mwake.

"Kwa hiyo ningeweza kumshika?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Jana aliniita nimkande miguu. Nikamwambia mwalimu amekataza."

Nililia mimi, yeye hakulia. Mama mmoja, akidhani namlilia marehemu, alinisogezea kigoda na kunipa pole. Niliipokea pole ile. Kisha nikamwomba mtoto msamaha.

"Ndiyo, mwalimu," akaitikia, kwa sauti ile ile ya darasani, akaendelea kumenya.

Baada ya mazishi shangazi yake alimchukua wakaishi mji wa Kwa Sadala. Kwenye dawati lake nilimhamishia mtoto mwingine, na ilinichukua muda mrefu kuzoea kumtazama.