Miaka Kumi na Tano Aliyojikata Gertrude

"Basi andika niko muongo!" Gertrude alibandika kidole juu ya daftari la binti yule. "Lakini andika!"

Plamedie, mwanafunzi wa chuo kikuu, alikuja mtaa wa Kikula kutafuta wazee kumi na wawili wa kumsimulia jinsi uzee unavyowaingia. Nafasi ilibaki moja. Akaigeuza karte ya kura ya bibi huyo kama samaki aliyelala siku tatu. "Nkambo, hapa uko na miaka makumi sita tu. Natafuta wa makumi sita na tano kupanda."

"Karte inajua nini? Ilinizaa?"

Ukweli mtaa mzima unaujua. Siku ya kuandikishwa kura, jirani yake Hortense, aliyebatizwa pamoja naye wakiwa wachanga, alitangulia mstarini akajikata miaka kumi. Gertrude aonekane dada yake mkubwa? Hata! Akajikata kumi na tano, akatoka anatembea kama bibi harusi. Sasa Hortense alikuwa kwenye orodha, yeye amebaki nje.

"Majina alikupa nani?"

"Katekista, Nkambo."

"Nilijua! Umeokota wa benchi la mbele kanisani. Ukiwauliza uzee ni nini, watasema: baraka, mwanangu. Utarudi na baraka kumi na mbili! Nani atakuambia watoto wanakunyang'anya kisu cha samaki, eti mkono unatetemeka? Minye mwenyewe nilibeba samaki toka ziwa Tshangalele kwa miguu, na mamba akanisindikiza mpaka barabarani!"

"Mama Hortense amesema hakukuwa na mamba."

"Unaona sasa? Bila minye utaandika nini?"

Plamedie akacheka, akajikaza. "Nkambo, siwezi kuandika miaka ya mdomo. Nionyeshe hata kitu kimoja cha kuishuhudia."

Gertrude akaenda kuegemeza mgongo mlangoni. "Miaka yote hii watoto wananizungumzia nikiwa nimekaa hapa hapa, kama kabati. 'Mama amekula? Mama amelala?' Hakuna anayeniuliza mwenyewe. Leo utaniuliza weye, ama utalala hapa na daftari lako. Sitoki mlangoni—"

Mlango ukamsukuma mgongoni. Akaingia mzee mwenye upara na ndevu nyeupe, anahema, mkono kiunoni.

"Mama, naomba kiti. Magoti yamekufa."

Ni Banza, mwanawe wa kwanza.

Plamedie akazitazama zile ndevu, akaitazama karte. "Papa, uko na miaka ngapi?"

"Makumi tano na saba."

Plamedie akahesabu: basi mama alimzaa akiwa na miaka mitatu! Binti akafungua kalamu.